Mfungo wa Shangazi Honorata

Kambini, Kasulu
14 Januari 2002

Kwako Shangazi Honorata,

Shikamoo. Amahoro, amani ya huku, ikufikie hapo Rusimbi, wewe na mdogo wangu Aurore na kuku wako wote, hata yule jogoo mkorofi aliyekuwa akinidonoa miguu. Sisi tunaendelea. Mvua imetubomolea ukuta wa nyuma na mume wangu Petero ameuziba kwa udongo na matusi. Mama mkwe mgongo unamsumbua lakini mdomo ni mzima. Posho imepunguzwa tena, unga tunaupima kwa kikombe. Dagaa ulizompa yule mchuuzi Selestini atuletee zilifika, ingawa mfuko ulikuwa umelegea kidogo, na sitaki kumsingizia mtu.

Sasa Shangazi, nina neno. Hapa hakuna ninayeweza kumweleza. Kwetu mambo ya tumbo la binti ni ya shangazi yake, hata mama mzazi hasogei hapo, na mimi mama mwenyewe sina. Mwaka wa nne huu niko kwa Petero na sijashika mimba hata ya kudanganya. Siku zangu zinakuja kila mwezi bila kukosea, kama mtoza ushuru wa pale Kibirizi.

Mama mkwe hanitukani. Angenitukana ningejua pa kuanzia. Yeye akipepeta maharage anamtaja mke wa jirani aliyejifungua mapacha, kisha anaguna. Juzi alimwambia Petero, nami nikiwa jikoni nasikia, kwamba upande wa pili wa kambi kuna mjane ana watoto watatu, mwanamke ambaye tayari amejulikana kuwa anazaa. Petero akacheka. Hakusema ndiyo wala hapana, na kule kucheka ndiko kunakoniuma mpaka leo.

Nielekeze. Wewe ulikuja kunipokea mpakani tulipokimbia mwaka wa tisini na tatu, ukanilea. Ukisema nichemshe majani nitachemsha, ukisema niende kwa nesi nitaenda.

Mwanao,
Léoncie

*

Rusimbi, Ujiji
20 Februari 2002

Binti yangu Léoncie,

Marahaba, na Bwana asifiwe. Barua yako niliipokea sokoni mikono ikinuka dagaa, nikaisoma papo hapo juu ya gunia. Jogoo tulimla Krismasi na nyama yake ilikuwa ngumu kama tabia yake. Aurore yuko kidato cha pili, anakua, anajibu watu. Biashara ni ya kusuasua, mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanabaki nyumbani na sisi tunabaki kuangaliana. Kanisani ni baraka tupu. Wamama wa maombi tumekuwa wengi hadi benchi hazitoshi, na siku hizi hata watu wa Kalinzi wanateremka kuja kuombewa. Mimi wananiita Mama Maombi, nimewakataza wamekataa.

Nimekusikia. Kwa nesi usiende. Nesi atakupa vidonge na vidonge vinakausha. Wewe mwanangu ufunge. Chakula mara moja tu kwa siku, jua likishazama, mchana ni maji. Na hiyo jioni usijaze tumbo, kula kidogo, mwili ukishiba roho inalala. Jumapili usifungue. Usiweke mwisho, mwisho atauweka Mungu atakapojibu.

Melania unamkumbuka, yule wa karibu na kisima, waliyekuwa wakimcheka. Alifunga pamoja nasi hivi hivi. Leo ana Bariki wake, anatembea na kuvunja vikombe vya watu. Kwa hiyo usiniambie huwezi.

Ukifunga vizuri utaona mwili unabadilika. Usiogope na usimtangazie mtu. Niandikie mimi.

Mamako mdogo kwa mapenzi na shangazi kwa haki,
Honorata

*

Kambini
6 Mei 2002

Kwako Shangazi,

Shikamoo sana. Nisamehe kwa ukimya. Selestini hakuonekana sokoni muda mrefu, wanasema gari lao lilikwama, na posta ya huku unaijua. Huku wote wazima. Mama mkwe amepata dawa ya kuchua mgongo na sasa anaamka kabla ya wote kutusimamia. Petero analima vibarua nje ya kambi kwa kujificha, akirudi na mihogo tunashangilia.

Shangazi, siku zangu hazijaja. Machi zilikuja kidogo tu, doa la kahawia, nikadhani nimechafuka. Aprili sikuona kitu. Sasa Mei nayo inasonga na bado kimya. Nimefunga kama ulivyosema, Jumapili zote zikiwemo, hata siku ile jirani alipochinja mbuzi na harufu ikaingia ndani kwetu kama mgeni aliyekaribishwa. Petero anauliza mbona sahani yangu naiacha, nami namjibu natuombea sisi wawili.

Lakini nina maswali na nataka unijibu kama mtu mzima. Mjamzito anakonda kwanza? Kitenge ambacho kilikuwa kinanizunguka mara moja sasa kinakaribia mara mbili. Matiti hayajauma wala hayajajaa, naona kama yamesinyaa. Sitapiki. Nasikia baridi mchana wa jua, nywele zinatoka na kitana, usingizi umenihama, na hasira zimenijaa hadi juzi nilimrushia mwiko mbuzi wa watu. Melania naye alikuwa hivi? Niendelee kufunga au nianze kula kwa ajili ya mtoto?

Hapa sijamwambia yeyote, hata Petero. Nangoja neno lako ndipo nimwambie mama mkwe. Nikimwambia na ikawa si kweli, bora nisingezaliwa.

Mwanao,
Léoncie

*

Rusimbi
2 Juni 2002

Léoncie, binti wa kaka yangu,

Bwana asifiwe, na asifiwe tena. Sisi wazima kuliko wazima. Aurore ameshona gauni, dagaa zimeshuka bei lakini sijali, jirani yetu mama Dismasi ametoka hospitali salama. Hata paa linalovuja mwaka huu limenionea huruma.

Mwanangu, barua yako niliilia machozi, na Jumapili nilisimama nikaisoma mbele ya kanisa, yale maneno ya siku zako kutokuja na ya kufunga kwako. Jina lako nililitaja, la nini kuficha kazi ya Mungu? Wanawake walipiga vigelegele hadi mchungaji akaketi chini akatuachia ibada. Mwezi wa nane kuna mkutano mkubwa na amesema nitafundisha mimi juu ya mfungo wa mwanamke. Mimi, niliyefika hapa Ujiji mwaka wa sabini na mbili bila hata kandambili.

Usifungue sasa. Endelea mpaka tumbo lionekane, kazi ya Mungu haikatwi katikati. Kliniki utaenda ukiwa na kitu cha kuwaonyesha. Mama mkwe mwambie, tena kwa kichwa juu, huyo mjane wake akatafute kwingine. Na maswali punguza. Maswali mengi yanaleta shaka na shaka inaharibu.

Nakutumia kitenge na blanketi la mtoto, la manjano, linafaa awe wa kike au wa kiume.

Shangazi yako mwenye furaha,
Honorata

*

Kambini
19 Agosti 2002

Shangazi,

Shikamoo. Habari za nyumbani naziweka mwanzoni kwa kuwa ndivyo ulivyonifundisha. Mama mkwe yuko. Ukuta uko. Petero hayupo, amekwenda Kalinzi kuchuma kahawa, na sababu utaisoma.

Mimi nilikuwa bado najiuliza nimwambieje mama mkwe. Sikupata nafasi. Selestini alifika sokoni na mzigo wake na jambo la kwanza alilouza ni mimba yangu, kwa sauti, kwa sababu aliisikia kanisani kwenu kutoka kinywani mwako. Nilimwandikia shangazi yangu, Shangazi. Sikuliandikia kanisa.

Mama mkwe alikuja mbio na mgongo wake ule. Alinishika uso kwa mikono yote miwili. Akatoa maharage ya mbegu, yale aliyoyaficha chini ya kitanda kwa ajili ya kupanda, akayapika yote akaita majirani. Mimi nilikaa katikati yao sikula, maana jua lilikuwa halijazama. Petero alianza kuchonga kitanda cha mtoto. Nami niliendelea kufunga, tumbo nikilipapasa kila asubuhi, na kila asubuhi lilikuwa limebonyea zaidi.

Mwezi wa saba nilianguka bombani. Niliamka zahanati. Nesi anaitwa Shadia, ni mtu wa Ujiji huko huko kwenu. Alinipima mkojo, akaona sura yangu, akapima tena. Hakuna mtoto. Hakuwahi kuwapo.

Alinikalisha akaniuliza ninakula nini, na mimi nikamwambia yote, kwa fahari, kama mjinga. Hakunicheka. Alisema yeye ni Mwislamu na anafunga Ramadhani kila mwaka, lakini anakula futari na anakula daku, na mwezi ukiisha umeisha. Mimi nilikuwa nikila mlo mmoja, nusu, uliotoka katika posho ambayo tayari ni nusu, na sikuwa na mwisho. Alisema si kila mwanamke hupatwa na haya, wapo wanaofunga na siku zao zisisogee. Lakini mwanamke akikosa chakula cha kutosha kwa muda mrefu, kichwa chake kinajua. Kichwani ndiko zinakotoka homoni za kuamsha mayai, na kichwa kikiona mwili una njaa kinaziacha zipungue, yai halikomai, siku zinapotea. Nilimuuliza kwa hiyo miezi yote hiyo ningeweza kushika mimba. Akasema, "Ulipokuwa unaona siku zako, nafasi ilikuwepo. Ulipofunga, uliufunga mlango kwa mkono wako." Kisha akaona nimeumia akasema samahani.

Sasa sikia na hili. Melania alikuja huku kumtembelea dada yake. Alisikia habari zangu akaja moja kwa moja kwetu na Bariki mgongoni. Alisema alifunga nanyi, kweli, na siku zake zilikatika vile vile, na wenzake wengine wawili pia. Akachoka, akaenda kwa kaka yake Kalinzi wakati wa mavuno, akala viazi na maharage hadi akanenepa, siku zikarudi, na baadaye ndipo akampata huyu mtoto. Alikuambia hivyo alipokuja kukuonyesha mtoto. Wewe ukamwambia sehemu ya Kalinzi haina haja ya kusemwa.

Nilimuuliza kama labda hukuelewa. Melania alimshusha Bariki akaniambia, "Léoncie, anaelewa kutuzidi sote. Yeye ndiye aliyetuhadithia kwamba mwaka wa kukimbia, njaa ilipowashika msituni, hakuna mwanamke aliyeona siku zake, na zilirudi walipovuka mpaka wakapata chakula."

Kwa hiyo ulijua. Nilipokuandikia kwamba matiti yamesinyaa na nywele zinatoka, ulikuwa unajua nina nini. Ulinijibu niendelee na ukanitumia blanketi.

Majirani wanamwita Petero Baba Hewa. Aliondoka asubuhi bila kuniaga. Kitanda cha mtoto kiko nje, kuku wanalala humo.

Nataka unijibu jambo moja tu, ulijua au hukujua?

Léoncie

*

Rusimbi
3 Oktoba 2002

Binti yangu mpendwa,

Amahoro. Natumaini hasira imepoa na afya inarudi. Sisi huku hatujambo, ila Aurore alipata malaria, sasa ameinuka. Mvua za vuli zimeanza na njia ya kwenda Kibirizi ni tope tupu. Paa limeanza tena kuvuja, juu ya kitanda changu safari hii. Mama Dismasi anakusalimu. Bonifasi wa dukani naye amefunga ndoa hatimaye, na mwanamke mrefu kumpita.

Mkutano ulikwenda vizuri sana. Watu walikaa hadi nje, madirishani, juu ya baiskeli. Nilifundisha bila karatasi. Walioniuliza habari zako niliwajibu inavyofaa.

Melania ni mtu wa maneno na alitaka uongozi akaukosa, usimsikilize. Mwaka wa kukimbia ulikuwa na hofu, ulikuwa na maiti njiani, nani anajua kilichotukausha. Nesi naye ni binadamu. Mimi nilifanya kwa upendo, nilitaka ucheke mbele ya mama mkwe wako. Mambo mengine yanaachwa yapite, Léoncie. Usimwandikie mchungaji. Mimi mzee wako nakuomba.

Petero nilikutana naye Kibirizi, alikuwa ameteremka kutoka Kalinzi kununua dagaa. Tulisalimiana vizuri, tukaongea kidogo.

Sasa niambie, siku zako zimerudi? Unakula vizuri? Niambie mimi, ni haki yangu kujua. Nakutumia dagaa na sabuni.

Shangazi yako yule yule,
Honorata

*

Kambini
9 Desemba 2002

Honorata,

Petero amerudi. Alifika jioni na gunia la viazi, akalitua mlangoni, hakukaa. Mama mkwe na mimi tulikuwa tunakula. Aliangalia sahani yangu muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa jibu.

"Ni kweli ulikula?"

Sikuelewa. Akasema alikutana nawe Kibirizi, na ulimshika mkono ukalia, ukamwambia mimba ilikuwapo, kweli kabisa, ila mimi nilivunja mfungo kwa siri, nikala mchana, na Mungu akaichukua. Ulimwambia amsamehe mke wake kwa kuwa njaa ni mbaya. Na ulimwambia hivyo hivyo ndivyo ulivyofundisha mkutanoni, mbele ya watu waliokaa hadi madirishani, na jina langu likatajwa ili wengine wajifunze. Hilo ndilo jibu lako linalofaa.

Amezunguka na maneno hayo mashamba ya watu tangu Septemba. Alikuwa ana mtoto aliyekufa, ambaye hakuwahi kuwapo, na muuaji ni mimi. Nilitaka kulia nikakosa machozi.

Aliyemjibu ni mama mkwe. Yule yule niliyekuandikia habari zake nikimwogopa. Hakuinuka. Alisema, "Amekula, ndiyo. Amekula kwa mkono wangu, tangu siku ile alipotoka zahanati, na sehemu yangu ya maharage nampa. Kabla ya hapo hakula, nilimwona kwa macho yangu anakauka nikadhani ni uchamungu. Hapakuwa na mtoto, Petero. Palikuwa na njaa. Kaa chini ule."

Petero alikaa. Kesho yake tulikwenda wote watatu kwa nesi Shadia na yeye mwenyewe akamweleza Petero, taratibu, mara mbili, maana mara ya kwanza alikuwa hasikii, alikuwa anafuta macho. Alipomaliza, Petero alimuuliza mtu ambaye siku zake zilipotea anaweza kuzaa baadaye. Nesi alimjibu. Jibu lake ni letu.

Nimekaa na jambo hili nikitafuta pa kukuhurumia. Ungenidanganya kwa kutojua, ningekuhurumia. Hata barua ile ya Agosti, ungenijibu tu, nilijua, nisamehe, ningelia kisha ningekuja Rusimbi kukupikia, kwa maana wewe ndiwe mama niliye naye. Lakini ulichagua benchi zilizojaa. Ulinilea, ulinivusha mpaka kwa mkono, ulinifundisha kujiosha na kujifunika, kisha ukanitoa mbele ya watu ili jina lako libaki safi. Nimeudhika hadi nahisi baridi ile ile ya wakati nafunga.

Mchungaji nimemwandikia. Melania naye amemwandikia, na wale wenzake wawili wamesema wataongea. Atafanya analotaka. Sikuandika ili uaibike, wapo wanawake hapo wanaofunga sasa hivi kwa maneno yako na nywele zikiwatoka wananyoa wakisema ni fasheni.

Aurore asifungishwe. Ana umri ambao mwili ndiyo kwanza unajifunza kazi yake. Nikisikia ameshinda njaa hata Jumapili moja nitakuja kumchukua, kwa kibali au bila kibali, na askari wa getini wataniona nikipita.

Dagaa zako na sabuni Selestini anakurudishia, na blanketi la manjano pia, limefuliwa.

Umeuliza kama siku zangu zimerudi. Hilo ni swali la shangazi. Mama mkwe analijua jibu, nesi analijua, na Petero nimemwambia jana. Wewe sikuambii. Kama nitazaa au sitazaa, hutasikia kutoka kwangu, na ukisikia kwa watu usisimame kanisani ukasema ulikuwa unajua.

Léoncie, mke wa Petero